Vioo viwili katika chombo kimoja: uchambuzi wa kisa cha Chombo cha Portland

Alasiri ya tarehe 7 Februari 1845, katika ukumbi mmoja wa British Museum jijini London, kijana aliyekuwa amelewa alinyanyua jiwe la kuchongwa lililokuwa karibu naye akalitupa juu ya kabati la kioo. Ndani ya kabati hilo mlikuwa na gudulia dogo la Kirumi lenye vishikio viwili, buluu iliyokolea hata ikakaribia weusi, kimo chake kama sentimita 24.5. Juu ya buluu hiyo walikuwa wamechongwa watu saba kwa kioo cheupe. Kabati likapondeka, na gudulia likawa vipande vinavyokaribia 200.

Gudulia hilo ndilo Chombo cha Portland. Kumbukumbu ya kwanza iliyoandikwa juu yake ni ya miaka ya 1600 na 1601, kilipokuwa Roma mikononi mwa Kardinali del Monte. Baadaye kilikwenda kwa ukoo wa Barberini, kikanunuliwa na balozi Sir William Hamilton, kisha kikaingia katika familia ya kabaila wa Kiingereza, Duke wa Portland, ambayo ndiyo iliyokipa jina. Mwaka 1810 Duke wa nne alikiweka British Museum kwa mkopo, kwa hiyo siku kilipovunjwa kilikuwa bado mali ya familia yake. Jumba la makumbusho lilikinunua mwaka 1945, miaka mia kamili baada ya kuvunjwa.

Upande wa sheria nitaupitia upesi, ingawa una funzo lake. Kijana alijitambulisha kwa jina la William Lloyd. Ilikuja kugundulika kwamba ni William Mulcahy, mwanafunzi kutoka Dublin. Sheria ya wakati ule juu ya uharibifu wa makusudi ilihusu vitu vyenye thamani isiyozidi pauni 5. Chombo kilikuwa na thamani iliyopita hapo mbali sana, na kwa sababu hiyo hiyo mvunjaji hakuweza kuhukumiwa kwa kukivunja. Alihukumiwa kwa kuvunja kabati: faini ya pauni 3 au kifungo cha miezi miwili. Mtu ambaye hakujitaja akamlipia faini, naye akaachiwa. Duke hakutaka kudai fidia, asije akaitwisha familia ya kijana mzigo isioweza kuubeba. Bunge lilirekebisha sheria mwaka huo huo ili kulinda kazi za sanaa katika majumba ya makumbusho.

Lakini kisa hiki hakistahili kuachwa mahakamani. Wengi wanaokisimulia hukaa kwenye ulevi na jiwe, au kwenye fumbo la wale watu saba weupe ni akina nani. (Wataalamu walio wengi huona ni ndoa ya Peleus na Thetis, shujaa na mungu wa kike wa hadithi za Kigiriki, na ubishi bado haujaisha.) Mimi naona jambo kubwa zaidi limo ndani ya ukuta wa chombo chenyewe, pale ambapo kioo cheupe kinashikana na cha buluu. Mshikamano huo ulifanywa na mpulizaji wa kioo ambaye hakuwa na kipimajoto wala mzani wa kemia, na ulidumu takriban miaka 1,800 mpaka jiwe lilipoanguka. Hiyo ndiyo kazi ya ajabu. Nakshi ni ya pili.

Kwa nini kilisambaratika

Bati likipigwa hubonyea, kwa sababu tabaka za chembe zake zilizopangika huteleza moja juu ya nyingine na kulimeza pigo. Kioo hakina mpango huo. Ni mchanga ulioyeyushwa pamoja na magadi na chokaa, kisha ukapoa kabla chembe zake hazijawahi kujipanga kuwa fuwele, zikagandia katika vurugu ileile zilizokuwa nayo zilipokuwa uji. Mchanga peke yake hutaka joto la nyuzi 1,700 hivi ndipo uyeyuke, joto ambalo tanuri za kale hazikulifikia. Magadi ndiyo yaliyoushusha moto hadi kiwango ambacho kuni zinakiweza, na chokaa ikakifanya kioo kisiliwe na maji. Warumi walitumia magadi ya Wadi Natrun nchini Misri na mchanga wa pwani ya mashariki ya Mediterania, ambao tayari ulikuwa na vijipande vya kombe, yaani chokaa yake ilikuwa humo humo.

Kitu kisichoweza kuteleza ndani kwa ndani hakina pa kulipeleka pigo isipokuwa kupasuka. Mhandisi wa Uingereza A. A. Griffith alionyesha mwaka 1920 kwamba udhaifu wa kioo huanzia katika mikwaruzo midogo ya juu, mingi isiyoonekana kwa macho. Nguvu ya kuvuta hukusanyika kwenye ncha ya mkwaruzo, na ncha ikifunguka, ufa hukimbia ndani ya kioo kwa kasi ya karibu kilomita moja na nusu kwa sekunde. Chombo kilichochongwa kwa gurudumu na unga wa jiwe gumu kina mikwaruzo ya aina hiyo kila mahali. Hivyo pigo la Februari 1845 halikuhitaji kutafuta mahali pa kuanzia.

Kuna picha ya rangi za maji iliyochorwa na Thomas H. Shepherd mwaka huo huo, ikionyesha vipande vimepangwa kimoja kimoja. Vipo vikubwa vyenye kiwiliwili kizima cha mtu mweupe, na vipo vijipande ambavyo havina zaidi ya buluu tupu. Ninachokiona katika picha hiyo, na ambacho sijaona wengi wakikitaja, ni kwamba nyeupe haikubanduka kutoka kwenye buluu. Ufa ulikata tabaka zote mbili kwa pamoja. Baada ya pigo lile, vioo viwili vilivunjika kama kioo kimoja.

Jinsi kilivyopulizwa

Ili kuuona uzito wa jambo hilo, lazima turudi nyuma kidogo. Kwa zaidi ya miaka elfu moja kabla ya Warumi, huko Mesopotamia na Misri, chombo cha kioo kilitengenezwa kwa kuzungushia kioo laini juu ya kiini cha udongo kilichoshikwa kwenye ncha ya fimbo, kisha udongo ukakwanguliwa baada ya kazi kupoa. Ni kazi ya polepole, na vyombo vyake ni vidogo, vingi vya manukato. Karibu na katikati ya karne ya 1 KK, katika pwani ya Siria na Palestina, mafundi waligundua kwamba uji wa kioo ulioshikwa kwenye ncha ya bomba hukubali pumzi. Mabaki ya kale kabisa ya majaribio hayo, vibomba vya kioo vilivyofungwa upande mmoja na kutuniswa, yalichimbuliwa Yerusalemu. Kizazi kimoja au viwili baadaye kioo kilikuwa kimeenea kote katika dola ya Roma, na mwanajiografia Strabo aliandika kwamba mjini Roma mtu angeweza kununua kikombe cha kioo kwa sarafu moja ndogo ya shaba.

Chombo cha Portland kilitengenezwa katika kipindi hicho hicho, karibu na mwanzo wa karne ya 1 BK. Ufundi wa kupuliza ulikuwa na umri wa mtu mmoja tu, na tayari palikuwa na fundi aliyeufikisha mahali ambapo wapulizaji wa leo wenye tanuri za umeme huingia kwa hadhari.

Njia inayokubalika na wengi ni hii. Fundi alichota kioo cha buluu, kilichotiwa rangi kwa kobalti, kwenye ncha ya bomba, akakipuliza kikawa puto dogo nene lenye umbo la yai. Kikiwa bado chekundu kwa moto alikichovya katika chungu cha kioo cheupe kilichoyeyuka, kikapanda hadi usawa wa mabega ya chombo kinachokuja. Roma ilipata weupe huo kwa antimoni, ambayo ikikutana na chokaa ndani ya kioo huzaa vijifuwele vinavyozuia mwanga. Kisha akarudi motoni, akapuliza tena, safari hii tabaka mbili zikitanuka kwa pumzi moja. Hapa ndipo mkono wa fundi unapojaribiwa. Kioo kinachoning'inia hutiririka kwa uzito wake, kwa hiyo bomba haliachi kuzungushwa hata sekunde moja. Tabaka moja ikiwa na joto zaidi ya nyingine hukimbia mbele, ukuta ukawa mwembamba upande mmoja na mnene upande wa pili. Na mchongaji atahitaji weupe wenye unene wa kutosha kila mahali atakapotaka bega, paja au tawi la mti. Baada ya umbo kukamilika viliongezwa vishikio vya buluu vikiwa vya moto, na chombo kizima kikaingizwa katika tanuri la kupozea.

Sasa tufanye hesabu, maana bila hesabu mtu hawezi kuona kilichokuwa hatarini. Kioo cha aina hii hukaza, yaani huacha kuwa uji na kuanza kuwa kigumu, kwenye nyuzi 500 hadi 550. Kutoka hapo hadi joto la chumbani kila kipande hupungua kwa takriban sehemu 9 katika milioni kwa kila nyuzi moja. Chombo cha Portland kina kipenyo cha sentimita 17.7 mahali kinapotanuka zaidi, kwa hiyo mzingo wake ni kama milimita 556. Kupoa kwa nyuzi 500 kunaufupisha mzingo huo kwa milimita 2.5. Chukua basi kioo cheupe kinachonywea, yaani kupungua kikipoa, tofauti na cha buluu kwa sehemu moja tu ya kumi. Kingepishana na mwenzake kwa robo milimita kuzunguka chombo kizima. Robo milimita inaonekana si kitu. Lakini vioo hivi viwili vimeungana, hakuna anayeweza kuteleza, kwa hiyo mmoja humvuta mwenzake kwa nguvu inayofika megapaskali (kipimo cha mkazo) 30 hivi pale tabaka moja ikiwa nyembamba sana kuliko nyingine, na kioo chenye mikwaruzo ya kawaida huweza kupasuka kwenye mvuto wa kiwango hicho.

Wapulizaji wa siku hizi wanalijua jambo hili kwa namba. Vioo vya rangi huuzwa vikiwa na alama 90, 96 au 104, ambazo ni vipimo vya kunywea, na fundi mwenye akili timamu hachanganyi 96 na 104 katika chombo kimoja. Mrumi hakuwa na namba. Alichokuwa nacho ni mapishi: mchanga uleule, magadi yaleyale, kioo cha msingi kimoja kikagawanywa katika vyungu viwili, kimoja kikatiwa kobalti, kingine antimoni. Kobalti hutosha kidogo sana kutia rangi, kwa hiyo haibadilishi sana tabia ya kioo. Weupe ndio mgumu, kwa kuwa hutaka dawa nyingi zaidi. Ni lazima mafundi hao walivunja vyombo vingi tanurini kabla ya kuupata mchanganyiko uliotulia, na wakaulinda.

Kuna ugumu mwingine juu ya huo, ambao mimi nauona kuwa ndio moyo wa kisa. Tuseme kweli kulikuwa na tofauti ndogo kati ya vioo viwili, na cheupe cha nje kilinywea kidogo kuliko cha ndani. Hapo weupe wote ungekaa katika hali ya kubanwa, na kubanwa hakufungui ufa. Kioo hupasuka kikivutwa. Chombo kingetoka tanurini kizima. Halafu anakuja mchongaji na kuanza kuuondoa weupe: hapa anaubakiza wote, pale anauacha mwembamba kama karatasi ili buluu ionekane chini yake na kutoa kivuli, kwingine anaufuta kabisa. Kila anapokwangua anavuruga mizani iliyokuwa inawatuliza wawili hawa. Mkazo uliokuwa umesambaa sawasawa unahamia kwenye kingo za picha. Chombo kilichonusurika tanurini kinaweza kupasuka miezi kadhaa baadaye juu ya meza ya mchongaji, bila mtu kukiangusha.

Nakala ya Northwood

Hili si la kubuni. Katika miaka ya 1870, huko Wordsley karibu na Stourbridge nchini Uingereza, Philip Pargeter, mwenye kiwanda cha kioo cha Red House, alimtaka binamu yake John Northwood achonge nakala ya Chombo cha Portland katika kioo halisi. Josiah Wedgwood alikuwa amekwisha kukinakili karibu mwaka 1790, lakini kwa udongo wa kauri. Umbo na picha zilikuwa zilezile, ila swali la vioo viwili halikuwepo kabisa. Pargeter alitaka kioo. Kiwanda chake kikapuliza buluu iliyovikwa nyeupe, Northwood akaanza kuchonga kwa vyuma vya mkono mwaka 1873, akamaliza mwaka 1876.

Kabla hajamaliza, chombo kikapasuka.

Northwood alikiunga, akaendelea hadi mwisho, na kazi yake leo imo katika Corning Museum of Glass nchini Marekani. Ni kazi bora sana, na ufa haupunguzi heshima ya mikono yake. Lakini kwa mchambuzi, ufa ule una thamani kuliko nakala yenyewe. Hapa palikuwa na kiwanda cha karne ya 19, katika eneo lililoishi kwa kioo kwa zaidi ya miaka 200, chenye makaa ya mawe, wakemia wa kuuliza na chombo chenyewe cha kale cha kutazamia. Waliweza kuiga umbo, rangi na nakshi. Utulivu wa ndani haukuigika. Miaka thelathini tu kabla yake watu walikuwa wameshangazwa na jinsi chombo cha kale kilivyovunjika. Walipojaribu kukitengeneza upya ndipo walipoona kwamba la kushangaza ni jinsi kilivyowahi kusimama.

Upo pia ushahidi kwamba 1845 haikuwa mara ya kwanza chombo hiki kuumia. Chini yake palikuwa pamebandikwa kisahani cha kioo chenye kichwa cha kijana aliyevaa kofia ya Kifrigia, ambaye hudhaniwa kuwa Paris, mwana wa mfalme wa Troya katika hadithi za Kigiriki. Buluu ya kisahani si buluu ya chombo, na picha yake imekatwa kutoka katika kazi kubwa zaidi. Chombo kilicho karibu nacho kwa aina, kile cha buluu kilichofukuliwa Pompeii na kuhifadhiwa Napoli, kimechongoka chini kama mitungi ya mvinyo. Inaelekea cha Portland nacho kilikuwa hivyo, kikavunjika kitako zamani, kikakatwa na kusawazishwa, kisha kikapewa kisahani cha kuazima. Kwa hiyo hata gudulia lililovunjwa London lilikuwa tayari limefupishwa.

Sharti niseme pia kwamba wapo wanaopinga habari nzima ya kupuliza. Mtafiti Mjerumani Rosemarie Lierke ametetea kwamba vyombo vya aina hii vilikandamizwa ndani ya kalibu. Hoja yake imelazimisha watu kutazama upya mambo waliyoyazoea, na hilo ni jema. Mimi hainishawishi. William Gudenrath, mpulizaji wa kioo mwenyewe, amefanya kazi hiyo ya kuchovya na kupuliza mbele ya tanuri, akaonyesha kwamba mkono wa binadamu unaiweza. Nikichagua kati ya hoja ya mezani na ya tanurini, katika ufundi huu naifuata ya tanurini.

Kuungwa mara tatu

John Doubleday, fundi wa British Museum, alikiunga mara ya kwanza, na kufikia Septemba 1845 kilikuwa kimesimama tena. Ilikuwa kazi ya kusifiwa. Vilimbaki vijipande 37 ambavyo hakuvipatia mahali. Vilipotea njia, na mwaka 1948 vililetwa tena kwenye jumba la makumbusho na mtu ambaye hakujua ni vya nini. Katika miaka ya 1948 na 1949 James Axtell alikifumua chombo na kukiunga upya, lakini katika vile 37 aliweza kurudisha vichache tu.

Kilipokaguliwa katika miaka ya 1980 gundi ya Axtell ilikuwa imegeuka manjano na viungo vimelegea. Nigel Williams na Sandra Smith walikianza mwaka 1988. Walikifunga kwa karatasi za kunyonya maji, ndani na nje, wakakifungia katika mvuke wa dawa inayolainisha gundi, wakasubiri siku kadhaa, kisha wakaanza kufungua karatasi na chombo kikaachia kipande kwa kipande kama kilivyokuwa siku ya jiwe. Kosa linalotishia kazi ya namna hiyo ni dogo mno kuonekana: kipande cha kwanza kikipishana na cha pili kwa unene wa unywele, kosa hukua kadiri mzingo unavyopanda, na kipande cha mwisho kinakosa nafasi. Waliunga kwa gundi ya epoksi, wakajaza mapengo kwa utomvu uliotiwa rangi ya buluu au nyeupe, na wakarudisha vingi vya vile vijipande vilivyokuwa vimezunguka kwa zaidi ya karne. Walimaliza mwaka 1989.

Gundi haidumu kama kioo. Epoksi nayo itazeeka, na kizazi kingine kitalazimika kukifumua chombo hiki na kukiunga kwa mara ya nne. Ndiyo maana nakubaliana kabisa na uamuzi wa tangu 1845 wa kukionyesha kisahani cha Paris peke yake, mbali na chombo. Wapo wanaoona kwamba chombo bila kitako chake cha kale kimepungukiwa. Lakini kisahani kile ni kioo cha tanuri nyingine, na kiraka kikibandikwa tena kwa ajili ya uzuri, mtazamaji atadhani anaona kazi moja ya fundi mmoja. Vipande vingine vyote, vile vinavyokaribia 200, vilizaliwa katika tanuri moja. Vinastahili kuonekana hivyo.